Ushauri wa Kulipia Kabla ya Kuomba Kibali cha Kujenga: Tathmini ya Huduma Tuliyoinunua katika Vilima vya Chiltern

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani. Unajaza fomu, unaambatisha ramani mbili, unalipa, kisha afisa mipango wa halmashauri anakuandikia barua ya kukueleza iwapo nyumba unayokusudia kuijenga ina nafasi ya kupata kibali. Inaitwa ushauri wa kabla ya maombi, na halmashauri za England hujipangia zenyewe ada ya huduma hii, kwa kuwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 2003 inaziruhusu kutoza kwa huduma ambazo hazilazimiki kuzitoa. Sisi tuliilipia pauni 410 mwaka 2025 kwa ajili ya kipande cha shamba kilichomo ndani ya vilima vya Chiltern, kaskazini-magharibi mwa London, na jibu tulilopewa lilikuwa hapana. Hata hivyo naipa huduma hiyo nyota nne kati ya tano, na naona ni vyema nieleze sababu, kwa kuwa najua wapo Waswahili wenzetu hapa Uingereza wanaopelekewa vipeperushi vilevile tulivyopelekewa sisi.

Mwenye wazo alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hufanya kazi za usiku kwenye ghala la mizigo mjini Luton na ambaye kwa miaka sita amekuwa akidunduliza ili aache kupanga. Kampuni moja ilikuwa imenunua shamba la malisho, ikalikatakata vipande zaidi ya thelathini kwa kuchora mistari kwenye ramani, na ikawa inauza kila kipande cha moja ya kumi ya ekari kwa pauni 18,000. Kipeperushi kilikuwa na picha ya nyumba iliyotengenezwa kwa kompyuta, yenye bustani na mtoto kwenye bembea, na chini yake maneno madogo yaliyosema kwamba ardhi kwa sasa haina kibali. Shemeji aliyasoma maneno makubwa. "Shemeji, kwa bei hii hata Mbezi Beach hupati kiwanja," aliniambia, na siwezi kusema kwamba sikuvutiwa. Baadaye nilipopiga hesabu niliona kwamba bei hiyo ni sawa na pauni 180,000 kwa ekari nzima, ilhali ekari ya shamba la kawaida nchini England huuzwa kwa kiasi cha pauni 10,000 hivi. Mnunuzi alikuwa anatozwa pauni 17,000 kwa ajili ya matumaini na pauni 1,000 kwa ajili ya majani.

Ni lazima nikiri kwamba tulikaribia kulipa, na sababu yake ni namna tulivyolelewa kuifikiria ardhi. Kwetu mtu hununua kiwanja, huchimba msingi, hupandisha tofali mwaka hadi mwaka kadiri hela inavyopatikana, na ingawa sheria ya Tanzania nayo inadai kibali cha ujenzi, wengi wetu tunamjua mtu aliyehamia nyumbani kwake kabla hata ya kujua ofisi ya kibali iko mtaa gani. England haiko hivyo. Sheria ya mipango ya mwaka 1947, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1948, ilitenganisha umiliki wa ardhi na haki ya kuiendeleza, na tangu siku hiyo mwenye shamba ni mwenye majani, udongo na lango la kuingilia, lakini hana haki ya kusimamisha nyumba juu yake mpaka mamlaka ya mipango impe. Hati ya kumiliki, ambayo kwetu ndiyo mwisho wa safari, hapa haikuambii lolote kuhusu kujenga.

Shamba lenyewe lilikuwa chini ya ulinzi wa aina mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo kipeperushi hakikulitaja. Kwanza lilikuwa ndani ya Mkanda wa Kijani, ukanda wa ardhi isiyojengwa uliozungushwa kwenye miji mikubwa ili isiendelee kutambaa na kuungana. Mkanda huo ulianza kuzungumzwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ukaenezwa nje ya London kwa waraka wa serikali wa mwaka 1955, na leo unafunika takriban asilimia 12 na nusu ya ardhi ya England. Pili lilikuwa ndani ya kile kinachoitwa tangu Novemba 2023 Mandhari ya Kitaifa, ingawa kisheria bado kinabeba jina la zamani la eneo lenye uzuri wa asili wa kipekee. Aina hiyo ya pili ilitokana na sheria ya mwaka 1949 iliyozaa pia hifadhi za taifa za nchi hii, na Chiltern ilitangazwa mwaka 1965, na leo ina kilomita za mraba 833 za vilima vya chaki, misitu, vijito, na vijiji vyenye kuta za gumegume na matofali. Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, huchanganya mambo haya mawili. Mkanda wa Kijani haujali kama ardhi ni nzuri au mbaya kwa macho, kwani kazi yake ni kuzuia mji usitambae. Mandhari ya Kitaifa inalindwa kwa sababu ya sura yake.

Tofauti hiyo ndiyo iliyomkwamisha muuzaji. Alituambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyesoma habari asubuhi ile, kwamba serikali mpya inataka nyumba milioni 1.5, kwamba mnamo Desemba 2024 imeleta "mkanda wa kijivu", na kwamba mashamba kama lile sasa yatafunguliwa. Sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Waraka wa sera ya kitaifa ya mipango uliotolewa mwezi huo uliruhusu kwamba vipande vya Mkanda wa Kijani visivyofanya kazi kubwa ya kuzuia miji kuungana vinaweza kufikiriwa kwa nyumba. Lakini waraka uleule unaondoa kwenye mkanda wa kijivu ardhi ambayo sera nyingine za ulinzi, ikiwemo ya Mandhari ya Kitaifa, zinatoa sababu nzito ya kukataa. Muuzaji alisoma ukurasa mmoja akaacha mwingine, nasi hatukuwa na ujuzi wa kumuuliza.

Ndipo mke wangu alipopendekeza tuiulize halmashauri yenyewe kabla ya kutoa hata pauni moja ya utangulizi. Fomu haikuwa ngumu. Ilitaka ramani ya eneo kwa kipimo cha 1:1250 yenye kiwanja kilichozungushiwa mstari mwekundu, mchoro wa kiwanja kwa kipimo cha 1:500, maelezo ya nyumba, na picha. Mwombaji halazimiki kuwa mmiliki, kwa hiyo unaweza kuuliza kuhusu ardhi ambayo hujainunua bado. Shemeji alitoa mchoro uleule alioutengenezea kiwanja chake cha Kibaha: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, na baraza ya mbele. Kulikuwa na viwango vitatu vya ada. Cha chini kilitoa barua tu, cha kati kilijumuisha afisa kufika kwenye eneo, na cha juu kilikuwa cha wajenzi wakubwa. Tulichukua cha kati, na hapo ndipo thamani ya huduma hii ilipo kwa maoni yangu.

Afisa aliyekuja alikuwa binti wa umri wa miaka ishirini na kitu, amevaa buti za mpira, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuingia kwenye kiwanja. Alisimama kwenye njia ya miguu inayopita pembeni mwa shamba, njia ya umma inayotumiwa na watembeaji, akamwomba shemeji aende katikati ya malisho na kunyanyua mwavuli wake juu kadiri mkono unavyofika. Shemeji alikwenda akasimama pale na mwavuli mwekundu wa klabu ya mpira, mwewe wenye mikia ya panda wakizunguka juu yake, huku afisa akitembea polepole kando ya michongoma na kupiga picha kila baada ya hatua kadhaa. Mwavuli ulionekana tokea langoni hadi mwisho wa njia. Alituonyesha picha hizo kwenye kamera na kutueleza kwamba paa la nyumba ya kawaida lingekuwa juu ya mwavuli ule karibu mara mbili, na kwamba usiku madirisha yake yangewaka kwenye mteremko ambao sasa hauna taa hata moja. Dakika kumi zile zilinifundisha kuliko kurasa zote nilizosoma kabla yake. Nilikuwa nikidhani swali ni kama nyumba ingemsumbua jirani, kumbe swali lilikuwa mtu anayepita pale na mbwa wake anaona nini.

Barua ilikuwa na kurasa saba. Nne zilikuwa za kunakili sera, na ningependa kusema wazi kwamba kurasa hizo zingetoshea kwenye kiungo kimoja cha intaneti. Tatu zilizobaki zilihusu shamba letu na ziliandikwa na mtu aliyefikiri. Zilieleza kwamba kiwanja kiko nje ya mpaka wa kijiji, kwa hiyo nyumba ingehesabiwa kuwa ya pekee porini, na aya ya 84 ya sera ya kitaifa hairuhusu nyumba ya namna hiyo isipokuwa kwa sababu chache: mfanyakazi wa shamba anayelazimika kuishi pale, jengo la kihistoria linalohitaji kuokolewa, jengo lililoachwa linalotumiwa upya, nyumba iliyopo inayogawanywa, au usanifu wa hali ya juu kabisa unaoinua kiwango cha ujenzi wa vijijini na kuliboresha eneo lenyewe. Mchoro wa Kibaha, pamoja na uzuri wake wote, haukuingia kwenye sababu ya mwisho. Zilieleza pia kwamba ndani ya Mkanda wa Kijani nyumba mpya kwa kawaida inahesabiwa kuwa yenye madhara na hairuhusiwi isipokuwa kwa sababu za kipekee sana, na kwamba ndani ya Mandhari ya Kitaifa uhifadhi wa sura ya nchi unapewa uzito mkubwa. Tangu mwishoni mwa 2023 sheria inaitaka halmashauri isiishie kuzingatia uhifadhi huo bali ijitahidi kuuendeleza.

Kulikuwa na aya moja ambayo hatukuiomba na ambayo peke yake ilistahili zile pauni 410. Mwandishi wa barua alitutahadharisha kwamba kwa kuwa kipande kilikuwa chini ya hekta 0.4, hata haki ndogo ambazo wakulima wanazo za kujenga mabanda bila ombi kamili hazingetuhusu, na kwamba halmashauri ilikuwa imekwisha kutoa agizo la kuondoa ruhusa ya kuweka uzio kwenye shamba lile lote, baada ya kuona linakatwa vipande. Maana yake ni kwamba mwenye kulipa pauni 18,000 asingeweza kujenga banda la kuku wala kusimika nguzo za kuonyesha mpaka wake bila kuomba kibali. Muuzaji alikuwa ametushauri tununue sasa, tuweke uzio na kibanda cha zana, kisha "tusubiri sera ibadilike".

Nyota niliyoipunguza ina sababu zake. Tovuti ya halmashauri iliahidi jibu ndani ya siku thelathini za kazi, nasi tulilipata katika wiki ya kumi na moja, baada ya barua pepe tatu za kuulizia ambazo mbili hazikujibiwa. Wakati wote huo muuzaji alikuwa akipiga simu kusema vipande vinakwisha, na familia isiyo na subira ingekuwa imelipa. Pili, tuliuliza kuhusu banda la zamani la ng'ombe lililokuwa kwenye kona ya shamba, nasi hatukujibiwa lolote zaidi ya sentensi moja kwamba jambo hilo lingehitaji ombi lingine la ushauri, yaani ada nyingine. Tulikuja kujua wenyewe kwamba ule utaratibu mashuhuri unaoruhusu mabanda ya mashamba kugeuzwa nyumba bila ombi kamili, ambao ulipanuliwa Mei 2024 hadi kufikia nyumba kumi, haufanyi kazi ndani ya hifadhi za taifa wala Mandhari za Kitaifa. Sentensi moja kama hiyo isingemgharimu afisa dakika mbili. Tatu, barua inamalizika kwa tahadhari kwamba maoni haya hayaifungi halmashauri. Hilo ni sahihi kisheria, lakini aliyelipa ana haki ya kuambiwa kabla ya kulipa, si kwenye ukurasa wa saba.

Je, kuna mbadala? Tulizungumza na mshauri binafsi mmoja ambaye alitaka pauni 1,500 kwa ripoti ya awali, akatuhakikishia kwamba "daima kuna njia". Sina shaka wapo washauri wazuri, na kwa mtu mwenye nyumba ya zamani anayotaka kuibomoa na kujenga nyingine yenye ukubwa unaokaribiana, mshauri anaweza kumfaa kuliko barua ya halmashauri. Kwa kipande cha malisho kilichokatwa, njia hiyo huishia kwenye ada ya ombi la nyumba moja, ambayo mwaka 2025 ilikuwa pauni 588, maelfu ya pauni za michoro, na baada ya kukataliwa, rufaa kwa wakaguzi wa mipango walioko Bristol, ambayo haina ada lakini ina miezi ya kungoja.

Kilichonisaidia zaidi, na ambacho ni bure, ni daftari la maombi la halmashauri, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma kwenye intaneti. Shemeji alikuwa amekereka kwamba ng'ambo ya bonde kuna nyumba mpya ya kioo na mbao, na akawa anauliza kwa nini wenyewe wameruhusiwa na sisi tunakataliwa. Nilitafuta anwani yake nikakuta kwamba palikuwa na nyumba pale tangu zamani na hiyo mpya ilichukua nafasi yake, ikapunguzwa kimo mara mbili kabla ya kukubaliwa. Kwenye daftari hilohilo nilikuta ombi la awali kuhusu shamba letu lenyewe, lililokataliwa kwa sababu zilezile. Laiti tungeanza hapo, tungeokoa pesa zetu. Nakala ya taarifa za umiliki kutoka Masjala ya Ardhi nayo hupatikana kwa pauni 7, na inaonyesha nani hasa anakuuzia na wakati mwingine alinunua kwa bei gani.

Kuna ndugu alishauri njia ya mkato, kwamba mtu ajenge kimyakimya na kungoja miaka ipite. Zamani nyumba iliyokaa miaka minne bila kushtakiwa ilikuwa salama, na wapo waliojaribu. Mkulima Robert Fidler wa Surrey alijenga nyumba yenye minara ndani ya Mkanda wa Kijani, akaificha nyuma ya rundo la marobota ya majani makavu hadi mwaka 2006, na baada ya kesi za miaka mingi alilazimika kuibomoa mwaka 2016. Mwingine huko Hertfordshire alipewa kibali cha ghala la majani akajenga nyumba yenye sura ya ghala, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilikataa kumpa faida ya hila yake. Tangu tarehe 25 Aprili 2024 muda huo ni miaka kumi kwa majengo ya aina zote. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, akasema hana majani ya kutosha.

Sisemi kwamba nimeipenda sheria hii kwa kila upande wake. Nilipokuwa nikisubiri barua nilipita kwenye vijiji vya bonde lile na kuona nyumba ndogo za gumegume ambazo mhudumu wa wagonjwa au dereva wa basi anayefanya kazi kijijini hapohapo hawezi kuzigusa, na ni vigumu kutoona kwamba mandhari inayolindwa kwa niaba ya wote huwanufaisha zaidi waliotangulia kununua. Sera inaruhusu nyumba chache za bei nafuu kwa wenyeji pembeni mwa vijiji, na nilizoziona zilikuwa tano. Lakini hilo ni deni la bunge na halmashauri, na halimpi mtu ruhusa ya kumuuzia shemeji yangu malisho kwa bei ya kiwanja. Mamlaka inayosimamia huduma za fedha hapa Uingereza imekuwa ikionya watu kwa miaka mingi kuhusu biashara hiyo ya kukatakata mashamba, na onyo hilo bado halijafika kwenye makundi yetu ya simu kwa Kiswahili.

Kwa hiyo, kwa mwenye kufikiria kununua kipande cha ardhi ndani ya eneo lililohifadhiwa, ningemshauri atumie jioni moja kwenye daftari la maombi na kwenye ramani za bure za tovuti ya serikali iitwayo MAGIC, zinazoonyesha mipaka ya ulinzi. Akibaki na shaka ya kweli baada ya hapo, alipie ushauri wa kiwango kinachomleta afisa hadi kwenye shamba, na asilipie cha chini, kwa sababu barua bila kufika ingekuwa zile kurasa nne za kunakili. Aulize maswali yake yote kwenye fomu ya kwanza, pamoja na ya mabanda, uzio na barabara ya kuingilia. Na asilipe kitu kwa muuzaji mpaka barua imefika, hata kama imechukua wiki kumi na moja.

Shemeji aliichapisha barua yetu nakala mbili akaenda nazo kazini, kwa kuwa wenzake wawili wa zamu ya usiku walikuwa wanafikiria vipande vya shamba lilelile. Mmoja aliahirisha. Mwingine alikuwa amekwisha kulipa tangu Machi, na alimwuliza kama afisa yule anaweza kuja tena na mwavuli kwenye kipande namba kumi na tisa, ambacho kiko chini kidogo ya mteremko.